Chakula Kisicho na Mama

Jiko la mdogo wangu lilikuwa upande unakotoka upepo. Nyumba zile zilijengwa nikiwa mbali, na laiti ningekuwepo ningesema neno, lakini sikuwepo. Kwa hiyo mwaka ule nilioshika mwiko wa kutokula nyama, kila alichopika kilipita kwanza puani mwangu, ndipo kikaenda kwa wenyewe. Samaki mkavu akichomwa, mimi ndiye wa kwanza kujua. Nyama ikitiwa kitunguu, mimi ndiye wa kwanza kumeza mate. Nimekaa kibarazani kwa mama na bakuli langu la mlenda, na ng'ambo ya uwanja mwenzangu anakaanga.

Nasema mwenzangu, lakini tulitoka tumbo moja. Mimi wa kwanza, yeye akanifuata, baada yetu mama hakuzaa tena. Tangu utoto kila nilichokipata kwa jasho yeye alikipata kwa kupita tu njiani. Nilisuka mkeka mwezi mzima, yeye akasuka wake kwa siku chache, na watu wakasifu wa kwake. Nikaolewa kwanza, yeye akazaa kwanza. Wakati ninaousimulia alikuwa na watoto wanne, wazima, wenye kelele, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Mimi nilikuwa nimezaa wawili, na wote wawili walikaa kidogo wakarudi walikotoka. Nilikuwa nimewazika Ruangwa.

Huko Ruangwa nilipelekwa na mume wangu. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe, ajenge, alime, aonekane. Wangu alikuwa mchuuzi wa ufuta, akasema biashara haiwezi kukaa ukweni, akanichukua. Wazee walinung'unika lakini wakaacha. Nilipomzika mtoto wa pili manung'uniko yakawa maneno, na mimba ya tatu ilipoingia mama alitembea mwenyewe kutoka kwetu Kiegei kuja kunichukua. Mume wangu hakubisha. Alinipakia nyuma ya baiskeli yake kila palipopitika, na pengine pote tukatembea.

Siku niliyofika, bibi alikuwa ananisubiri kwenye mkeka. Huyu alikuwa mama mzaa mama, mwanamke mfupi, mkali, mpenda ugoro, aliyewafunda karibu wanawake wote wa upande wetu. Alikuwa na meno yake yote, wakati mama yangu, binti yake, alikuwa hana hata moja. Hakuniuliza habari za safari.

“Kuanzia leo usile chenye mama,” akasema.

“Chenye mama ni kipi, bibi?”

“Kila kilichozaliwa. Wewe umelizwa mara mbili. Usimlize mwenzio kwa ajili ya tumbo lako.”

“Nyama nimeelewa. Samaki je?”

“Samaki alijizaa?”

“Na yai?”

“Yai ni mtoto aliyelala.”

“Maziwa, bibi? Maziwa si mtoto.”

“Maziwa ni chakula cha mtoto wa mwingine. Unataka kumnyang'anya?”

Mama, aliyejua ninavyopenda utamu, akauliza taratibu kama asali inaruhusiwa. Bibi akavuta ugoro, akapiga chafya, akafikiri. Akasema nyuki nao wana mama yao mzingani, kwa hiyo niiache. Nilitaka kuuliza habari za senene lakini nikaogopa kwamba hata muhogo utatafutiwa mama.

Kisha akatoa uzi mweusi, mrefu, akaukunja sawasawa na kuukata katikati kwa meno. Nusu akanizungushia mkononi mara kadhaa na kuifunga. Nusu ya pili akaifundika kwenye pindo la kanga yake.

“Mwiko wa mimba iliyokataa mara mbili haushikwi na mtu mmoja,” akasema. “Hii nusu nyingine nampa mtu wa damu yako. Anachoacha ndicho unachoacha wewe. Humjui, na usimtafute. Ukimjua utamwegemea, halafu mtalegea wote wawili. Mtoto akiota jino la kwanza nitawaita, nitazikata nyuzi zote mbili pamoja, na mtakula nyama mbele yangu. Mmoja akivunja kabla, aliyevunjika ni mtoto.”

Mume wangu, aliyehitimu Kurani, aliniambia pembeni kwamba Mungu hajaharamisha hayo yote. Nikamwambia aende akamwambie mama. Hakwenda. Mtu aliyezika watoto wawili hana kiburi cha kubishana na uzi.

Kuhusu mwenye nusu ya pili sikuumiza kichwa. Alikuwa mama, nani mwingine? Jioni ileile tulipoketi kula nilimwona anasukuma kipande cha kuku kando ya sahani na kuchovya ugali kwenye mchuzi tu. Mchuzi nao ni wa kuku, lakini nilisema moyoni labda bibi amempunguzia kwa sababu ya umri. Nilimhurumia mama, na nilifarijika.

Aliyeniumiza roho alikuwa yule wa ng'ambo ya uwanja.

Miaka ile wazungu walikuwa wanang'oa visiki Nachingwea kwa matrekta ili kupanda karanga, na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa ameandikwa kazi huko. Kwetu ng'ombe hawakai, mbung'o wanawamaliza, hivyo nyama ya ng'ombe ilikuwa kitu cha kusikia. Lakini Nachingwea waliletewa ng'ombe kutoka mbali, wakachinjwa kwa ajili ya wafanyakazi, na shemeji kila alipopata lori la kumleta alikuja na fungu lililokaushwa kwa moshi. Alileta na maziwa ya kopo, yale mazito matamu. Sasa nieleze jambo moja: maziwa ya kopo katika chai ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote duniani. Nilijifunzia Ruangwa. Nikifumba macho leo naona yanavyoshuka kwenye kikombe kama uzi mnene, yanazama, halafu chai inabadilika rangi.

Watoto wa mdogo wangu waliyalamba makopo hayo mpaka yakang'aa. Walikuja kuyalambia kibarazani kwetu, karibu yangu, kwa kuwa kulikuwa na kivuli. Niliwafukuza. Mama akaniuliza watoto wamefanya nini, nikasema wanapiga kelele.

Na mdogo wangu alikuwa ananenepa. Hilo ndilo lililonimaliza. Siku hadi siku mashavu yalijaa, mikono ikajaa, kanga ikawa haimzunguki vizuri. Wanawake kisimani walimsifu. “Nyama ya Nachingwea imekukubali,” walimwambia, naye alicheka tu na kujitwika ndoo yake. Mimi nilikuwa mifupa na tumbo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikijisemea kila nilipomwona anapita. Sikuwa na ushahidi kwamba alinila, lakini nilikuwa nimeliwa, na mtu mwingine aliyenenepa sikumwona.

Basi nikaamua kwamba nitapata vya kwangu vinavyofanana na vile, na nitavila mbele yake.

Nilianza na mabibo, kwa sababu ulikuwa msimu wake na yalikuwa yanaoza chini ya mikorosho. Nilikuwa nimeona kwamba bibo likikamuliwa maji yake yote hubaki nyuzinyuzi zinazovutika kama nyama. Nikakamua, nikakata vipande, nikatia chumvi na pilipili, nikakaanga kwa mafuta ya ufuta. Kwa macho ilikuwa nyama kabisa. Mume wangu alikuwa amekuja kututazama siku hiyo. Alitia kipande mdomoni, uso ukamkunjamana, akakimeza kwa heshima, kisha akaomba maji. Ulimi ulikuwa umemganda. Mimi nilikula vyote nilivyopika, kwa ukaidi, na kutwa nzima mdomo wangu ulikuwa umekauka kama niliyetafuna majivu.

Siku ya pili yake mdogo wangu alivuka uwanja na bakuli limefunikwa.

“Dada, onja hii.”

“Ni nini?”

“Mabibo. Jana nilisikia umehangaika. Ukishayakamua uyachemshe na chumvi, umwage maji, ukamue tena, uyaanike juani. Ndipo ukaange. Na utie karanga za kusaga, si ufuta.”

Nikaonja. Ee, Mola. Lilikuwa limekaangika pembeni, laini katikati, na karanga zimeshika kama rojo la mchuzi wa kweli. Nilimaliza bakuli nikiwa nimemgeuzia mgongo. Nilimuuliza amejulia wapi mtu ambaye ana nyama imening'inia jikoni kwake, akasema, “Nilijaribu tu, dada.” Nilijaribu tu! Mimi nilijaribu nikamgandisha mume wangu ulimi. Yeye alijaribu tu, kwa kupita njiani kama kawaida yake, akanishinda hata kwenye chakula cha mwiko wangu mwenyewe. Nilimrudishia bakuli bila kulisafisha.

Kwenye maziwa nilimshinda, na hilo sitaki lisahauliwe. Nilichukua korosho zilizobanguliwa, zile ambazo hazikuungua, nikazilowesha kutwa, nikazitwanga taratibu mpaka zikawa uji, nikazichuja kwa kitambaa. Lile tui nililichemsha na sukari kidogo kidogo nikikoroga mpaka likawa zito. Halikuwa maziwa ya kopo. Lakini nilipolimimina kwenye chai lilishuka kama uzi, likazama, na chai ikabadilika rangi. Nililia kidogo. Mama akadhani mtoto amegeuka tumboni.

Mdogo wangu alikuja kuniomba nimfundishe. Nikamwambia nimesahau nilivyofanya. Alisimama pale mlangoni muda, mtoto mgongoni, kama mtu aliyenyimwa maji. Nikashangaa mwenye makopo ataka tui la korosho la nini. Nilidhani anataka kunipokonya hata hilo.

Mvua zilipoanza tukaingia kwenye uyoga. Mama, mdogo wangu na mimi tuliondoka asubuhi na vikapu, mimi nikiwa nyuma kwa sababu ya tumbo. Huko porini nako ilikuwa vilevile. Mimi napita mahali sioni kitu, yeye anapita palepale nyuma yangu anainama, anachuma. Mama alimwita kila mara, “Njoo uone huu, njoo uone na huu,” kisha wanageuka wote wawili na kunimiminia kwenye kikapu changu. Kikapu chake mwenyewe mdogo wangu alikuwa anakijaza pia. Nilimuuliza uyoga wote ule wa nini na nyama anayo.

“Napenda tu,” akasema.

Ule wa kwake aliumenya, akaupaka chumvi na kuuning'iniza kwenye uchaga juu ya moto. Ulikaa moshini hata ukawa mwekundu, mgumu, na harufu yake ilipovuka uwanja kwa ule upepo wa jikoni kwake, nilidhani amechoma samaki wa Lindi. Niliudhika sana. Kumbe jioni akaniletea fungu limefungwa kwenye jani. Ilikuwa ndiyo hiyo harufu. Nilikiweka kifungu kile darini bila kukigusa, nikiapa kwamba sitakula huruma yake. Niliapa, kisha hamu ya samaki ikanishika nikala chote kwa muhogo, nikiwa na hasira hata mwisho.

Nilimkasirikia zaidi kule Nachingwea. Tumbo lilipokuwa kubwa, shemeji alituletea lori twende mimi na mdogo wangu nikapimwe zahanati ya huko. Nilikuwa sijawahi kuona mahali namna ile: ardhi nyekundu imelimwa mpaka macho yanachoka, mabati, mabomba, watu wa kila kabila wakisukumana, Wamakonde, Wayao, Wamakua waliovuka Ruvuma kutafuta kazi. Mkunga wa zahanati alinigusa tumbo akasema mtoto yuko hai na amekaa vizuri. Tukatoka. Shemeji, kwa furaha, akatupeleka kwenye banda la mama mmoja aliyepika wali na nyama ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa na ming'oko yangu ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kwenye kitambaa, na chumvi na pilipili. Sahani za wali zikaja, mchuzi juu yake unaelea mafuta ya njano. Shemeji akala. Mtoto wa mdogo wangu, yule wa mgongoni, akapewa kipande akakifyonza. Mdogo wangu akasogeza sahani yake mbele ya mumewe.

“Nimeshiba,” akasema. Kisha akanyoosha mkono kwenye kitambaa changu na kuchukua mng'oko.

Nilijua anavyokula mtu huyu nyumbani kwake, nilikuwa ninausikia upepo kila siku. Leo mbele yangu ameshiba! Nilimwambia, “Kula nyama yako. Usinionee huruma mimi. Wewe una wanne, huruma yako kawape hao.”

Watu wa meza ya pili waligeuka. Shemeji akafungua mdomo, mdogo wangu akamtazama, naye shemeji akaufunga. Mdogo wangu akaendelea kumenya ule mng'oko polepole, akatia chumvi, akala. Ile sahani yake ililiwa na mumewe.

Nilijifungua baada ya mavuno ya mtama, nyumbani kwa mama, mtoto wa kike. Alilia kabla hajatoka vizuri. Bibi akasema huyu ana hasira kama mama yake, atakaa. Wale wawili wa kwanza walikuwa wapole.

Akakaa. Zikapita zile siku ambazo wenzake hawakuzipita, na kila asubuhi nilikuwa naweka sikio puani pake kabla sijafungua macho yangu vizuri. Niliwaza juu ya jino tu. Wanawake wengine husubiri mtoto acheke, aketi, atambae. Mimi nilikuwa nampitisha kidole kwenye ufizi kila nilipompakata, naye akining'ata kwa ufizi mtupu na kunitazama. Watoto wa mdogo wangu waliota meno mapema wote, hilo nililikumbuka bila kukumbushwa. Wa kwangu niliona anachelewa. Mbaazi zikavunwa, ufuta ukaisha, mume wangu akapeleka magunia Ruangwa na kurudi, ufizi bado mtupu. Mikorosho ikatoa maua, ikatoa mabibo mekundu, ukawa msimu uleule nilioanzia. Siku moja nilikuwa nakamua mabibo, kwa njia ya mdogo wangu maana sikuwa na nyingine nzuri zaidi, mtoto akanishika kidole akauma. Nikapiga kelele. Lilikuwa limetoka, dogo, kali, chini mbele.

Bibi aliitwa. Jogoo akachinjwa, akachemshwa na chumvi peke yake bila kiungo, ndivyo ilivyotakiwa. Tuliingia ndani wanawake peke yetu, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Mbele yangu kulikuwa na sinia lenye vipande viwili vya nyama.

“Mwenye nusu nyingine aje akae,” bibi akasema.

Nikamgeukia mama nimsogezee nafasi. Mama hakusogea. Nikamwambia, “Mama, njoo ukae. Nilijua siku nyingi. Tangu jioni ile ulipoacha kuku.”

Mama alicheka mpaka ufizi wote ukaonekana. “Kuku nitamla na nini, mwanangu? Meno yako wapi?”

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma kwenye kona, karibu na mtungi. Alimkabidhi mama mtoto wake, akaja, akakaa mkekani kando yangu. Akafungua fundo la kanga kiunoni.

Uzi mweusi ulikuwa pale, chini ya shanga zake. Ulikuwa umezama. Ulifungwa alipokuwa mwembamba, naye akanenepa, na nyama ikafura juu na chini yake. Bibi alipoingiza kucha ili auinue, haukuinuka kwa urahisi. Chini yake kulikuwa na mstari umechubuka, sehemu nyingine umekuwa kovu, kiuno kizima.

“Ulikubana tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu uyoga.”

“Ungeulegeza.”

“Bibi alikataza. Alisema ukilegezwa ni sawa na kuvunjwa.”

Bibi akainama, akaukata kwa meno yake, kisha akakata na wa kwangu wa mkononi, ambao ulikuwa unacheza kama bangili. Akaziweka nyuzi zote mbili kwenye sinia. Mimi bado nilikuwa namtazama mdogo wangu, mashavu, mikono, mabega yale yaliyonikosesha usingizi mwaka mzima.

“Sasa umenenepa kwa kitu gani?” nikasema. Sikuweza kujizuia.

“Karanga, dada. Shemeji yako akileta nyama analeta na karanga. Nyama wanakula wao. Mimi nilikuwa nikisikia harufu njaa inanishika, nakula karanga. Nilikula karanga mchana na usiku.”

Mama akaanza kucheka tena. Bibi pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu ya yale mabakuli yote aliyonivushia uwanjani, mabibo, uyoga, rojo la karanga. Hakuwa ananipikia mimi. Alikuwa anajipikia mwenyewe, nami ndiye niliyekuwa nakula alichobakiza. Na chai ya korosho niliyomnyima, alikuwa anaihitaji kama mimi.

“Kuleni,” bibi akasema.

Tukala. Naisema kweli, mwaka mzima niliota ile nyama, na ilipofika mdomoni ilikuwa nyama tu, jogoo mzee, hana chumvi ya kutosha. Uyoga wa moshini ulikuwa mtamu kuliko yeye. Nilimwona mdogo wangu anatafuna kwa taabu, macho yamemtoka, nikajua anawaza hilohilo.

Bibi akasema sasa mtoto yule ana mama wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa kumshikia mwiko, na akikua aambiwe. Hapo kijicho kikanirudi chote, kwa nguvu kuliko siku zote. Ana wanne wake! Sasa ana na nusu ya huyu mmoja niliyempata kwa shida. Nikambana mtoto kifuani mpaka akalalamika. Hata mwiko wangu ameushika vizuri kuliko mimi, kiuno chake kina alama na mkono wangu hauna kitu.

Tulipotoka nje, wengine wakiwa wametangulia, nilimuuliza kwa ukali kwa nini alikubali. Nilimwambia alikuwa ananyonyesha, angeweza kukataa, na mimi nilikuwa simpi hata salamu nzuri.

Alikuwa anajifunga kanga, taratibu, ili isiguse palipochubuka.

“Nilikuwa nakuonea wivu,” akasema.

“Mimi? Wivu wa nini mimi?”

“Mama alitembea mpaka Ruangwa kukufuata. Alikuwa anakupikia, anakukanda kwa maji ya moto, akiona uyoga ananiita mimi niuchume, lakini uwe wako. Mimi nimezaa wanne, dada, na kila mmoja uji nilijipikia mwenyewe siku ya pili yake. Wanasemaga, huyu hana shida, huyu anazaa tu. Hakuna aliyenikatia uzi. Bibi aliposema kuna nusu imebaki, nilimwambia anipe mimi, asimpe mwingine.”

Upepo ulikuwa unatoka upande wa jikoni kwake kama kawaida, lakini moto ulikuwa haujawashwa. Maneno mazuri hayakuwahi kuwa kazi yangu. Mtoto alikuwa amemwona, amemnyooshea mikono, anacheka na lile jino lake moja.

Nikampa ampakate. Nikamwambia asikae naye sana.